Salamu za Kwenye Bembea

Wanangu hawaniamini nikiwaambia kwamba bembea ya kwanza niliyopanda ilisukumwa na watu. Wao wamezoea hizi za umeme, zenye taa za rangi na mikanda ya kufunga kiunoni, na wakishuka wanalalamika kwamba imezunguka kidogo. Ya kwetu Moshi ilikuwa na nguzo nene ya chuma katikati, mikono iliyotawanyika kutoka juu ya nguzo hiyo, na kwenye kila mkono kiti kimening'inizwa kwa minyororo. Chini walikaa vijana vifua wazi. Wakishika nondo zilizotoka kwenye nguzo na kuanza kukimbia, sisi wa kwenye viti tunaanza kuruka. Wakiishiwa pumzi, safari imekwisha. Hapakuwa na saa nyingine zaidi ya pumzi zao.

Ilikuja kila Krismasi juu ya lori, ikafungwa kwenye kiwanja kimoja mjini, na ilisemekana imetoka Kenya. Miaka ile ya mwanzo ya tisini kila kitu kizuri kilisemekana kimetoka Kenya: mafuta ya kupikia, sabuni ya kunukia, raba nyeupe, hata mafua yakizidi ukali wa kawaida. Leo pale kiwanjani pana maduka ya simu. Nilipita juzijuzi nikasimama kuyatazama kama mtu aliyepoteza kitu, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nataka chaja.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, kule Kilema. Wazazi wangu walikuwa walimu mkoa wa mbali na walinipeleka kwake nikiwa sijui hata kufunga vifungo. Babu alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa wawili tu, ng'ombe mmoja, kahawa ambayo bei yake ilishuka kila mwaka, na ndizi zilizotuzunguka pande zote hata jua likahitaji kubisha hodi.

Bibi alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizipita zote: mtu akienda akarudi, anasalimia. Kwa watu wengine shikamoo moja kwa siku inatosha. Kwa bibi yangu haikutosha. Nikitoka kuchota maji mferejini, nikirudi ni shikamoo. Nikienda nyuma ya nyumba kuwapa kuku pumba, nikitokeza upande wa pili ni shikamoo. "Umepotea machoni pangu," alikuwa akisema, "nitajuaje kama ni wewe yule yule uliyerudi?" Na salamu isiyojibiwa haikuhesabika. Kama mzee hakusikia, unarudia mpaka asikie, maana kosa si la masikio yake bali ni la mdomo wako.

Matokeo yake nikawa mtoto wa ajabu kidogo. Niliwahi kumsalimia katekista nikiwa juu ya mparachichi, kichwa chini miguu juu, naye akatafuta sauti ile kwenye majani kwa muda mrefu akidhani ameitwa na Mungu. Nikamsalimia mama mzee wa jirani nikiwa chooni, mlango umefungwa, kwa sababu nilisikia kandambili zake zikipita. Alinijibu vizuri tu. Mimi sikuona tatizo lolote, nilijiona mtoto mwenye heshima zake.

Tatizo lililetwa na shangazi. Huyu ni dada yake baba, aliyeishi Dar es Salaam na mumewe, na kila Desemba alipanda mlima na pikapu lililojaa mchele, sukari na binti yake wa umri wangu. Yule binti alikuwa na televisheni kwao. Alilitaja jambo hilo kila alipofungua mdomo, hata akiombwa chumvi.

Siku ya Krismasi mwaka ule, tukiwa tunakula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, shangazi alitangaza kwamba anataka kunichukua nikasome Dar. Huku mlimani, alisema, kahawa haisomeshi tena mtu. Ila aliongeza sharti.

"Nataka mtoto aliyechangamka," alimwambia bibi. "Dar si mahali pa mtoto wa kuzubaa. Kesho tunashuka mjini kwenye bembea, nitamwangalia alivyo mbele ya watu."

Bibi aliendelea kuchambua nyama kwenye mfupa. "Mwangalie," alisema.

Niliitaka Dar kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka televisheni, nilitaka ngazi za ghorofa, nilitaka kurudi Desemba na sauti ya puani nikiwauliza watu wa Kilema, "Hivi nyie huku mnaishije?" Jioni ile nilikwenda zizini kufanya mazoezi ya uchangamfu. Nilimsogelea ng'ombe, nikaweka mkono kiunoni nikasema, "Mambo?" Kisha nikajijibu, "Poa!" Ng'ombe alinitazama, akaendelea kucheua. Nilichukulia kwamba amekubali.

Asubuhi bibi alinivalisha gauni jipya la mtumba, na juu yake sweta la sufu lenye kola. Nilijaribu kupinga. "Utapata baridi," alisema, kana kwamba tunapanda kileleni Kibo, ilhali tunashuka Moshi mwezi wa Desemba. Nilifika mjini nimeiva kama ndizi ya kupikia pombe ya mbege. Yeye mwenyewe alivaa kanga zake za kanisani, na jambo lililonishangaza ni kwamba alikuja. Bibi hakuupenda mji. Alisema joto lake linachosha akili.

Jambo la pili lililonishangaza, ingawa sikulipa uzito, ni kwamba tuliwakuta pale kiwanjani katekista na yule mama mzee wa jirani. Walikuwa wameteremka kwa basi la asubuhi. Bibi aliwapokea kwa furaha, kisha akawatenganisha.

"Msisimame pamoja mkawaziba watu," aliwaambia. Katekista akamweka karibu na lori, mama mzee akamweka kwenye makreti ya soda, na yeye mwenyewe akasimama upande wa pili kabisa wa duara, mbele ya kamba iliyozungushiwa bembea. Nilifikiri, bibi yangu ni mtu anayewajali wengine.

Tukapanda, mimi na mtoto wa shangazi, viti vinavyofuatana. Shangazi alisimama pembeni amekunja mikono, macho kwangu. Nikaweka uso wa kuchangamka, ule niliouonyesha ng'ombe. Redio ya kaseti iliyoungwa kwenye betri ya lori ikaanza kupiga muziki, vijana wakashika nondo, tukaondoka.

Mzunguko wa kwanza nikampita katekista. Nilikuwa sijamsalimia vizuri siku hiyo, basi mdomo ukafunguka wenyewe: "Shikamoo katekista!" Akapokea, lakini kiti kilishanipeleka, marahaba yake sikuisikia. Hapo hapo mama mzee. "Shikamoo mama!" Mama mzee akaweka kiganja sikioni. Kisha bibi. Bibi nilikuwa nimemsalimia asubuhi, lakini nilikuwa nimepotea machoni pake nyuma ya nguzo na nimerudi, na sheria ni sheria.

"Shikamoo bibi!"

"Nani huyo? Sijasikia!" bibi akapaza sauti.

Ndipo nilipokwisha. Mzunguko wa pili nikapaza zaidi. Katekista akajibu, lakini mama mzee bado kiganja sikioni, na bibi amejiinamisha mbele ya kamba na shingo ameinyoosha: "Sijasikia, mjukuu wangu!" Mzunguko wa tatu nikapiga kelele kama mtu anayeungua. Kwa kuwa nilikuwa nimempotea tena katekista, naye ikabidi nimrudie. Vijana wa bembea walifikiri nashangilia, wakaongeza mwendo. Mwendo ulipoongezeka wazee wakanijia mfululizo, sina hata nafasi ya kumeza mate. "Shikamoo-katekista-shikamoo-mama-shikamoo-bibi!"

"Nyamaza!" mtoto wa shangazi alinipigia kelele kutoka kiti cha nyuma. "Unatuaibisha, watu wanatuangalia!"

Walikuwa wanatuangalia kweli. Mwenye bembea akapunguza muziki apate kusikia vizuri. Watu waliozunguka kamba wakaelewa mchezo, na nilipopita tena, uwanja mzima, wazee kwa vijana, wenye soda na wenye karanga, ukaitikia kwa pamoja: "Marahabaaa!" Hapo nami, badala ya kuona haya, nikachanganyikiwa kabisa. Wamenijibu watu ambao sikuwasalimia, na wengine ni wakubwa kwangu. Nikaanza kuwasalimia na wao.

Mmoja wa vijana wa nondo alicheka mpaka akakaa chini, na bembea ikasimama kabla ya wakati. Nilishuka dunia ikiendelea kuzunguka. Nilikwenda moja kwa moja kumshika bibi mkono, na nilikuwa nimeushika kwa muda mrefu, nikitokwa na jasho la sufu, nilipogundua kwamba ni mkono wa muuza karanga. Nikamwamkia.

Shangazi alitoa hukumu yake tukiwa bado kwenye pikapu, tunapandisha kurudi.

"Huyu bado," alisema. "Nikimpeleka Dar hivi alivyo, atasimama Kariakoo kusalimia mtu mmoja mmoja mpaka jua lizame. Tuone mwakani."

Mtoto wa shangazi alikuwa ameshanibatiza jina. Mpaka wanaondoka niliitwa Shikamoo, na watoto wa jirani wakalidaka, na shuleni likanitangulia. Wapo watu wazima Kilema, wenye mvi sasa, wanaoniita hivyo hivyo wakidhani ndilo nililopewa kanisani.

Walipoondoka nilinuna. Sijawahi kununa namna ile tena, hata baada ya kuolewa. Nilikaa kwenye kigoda jikoni, uso ukutani, na bibi aliponiwekea kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage nilizozipenda kuliko chakula chochote, sikugusa. Akakifunika kwa sahani. Kesho yake jioni akaja na ndoo ya kukamulia, akamsogeza ng'ombe mlangoni mwa jiko, akamfunga ndama pembeni, akaanza kukamua akinipa mgongo.

"Unanuna nini?" aliuliza. "Ulisalimia vizuri."

"Nimekosa Dar kwa sababu ya kusalimia."

"Hukukosa kwa sababu ya kusalimia. Mimi nilikusikia tangu mara ya kwanza. Na yule mama masikio yake ni mazima kuliko yako. Nilimwambia aweke mkono pale."

Nilikawia kuelewa. Nilikuwa mtoto mwenye heshima, akili ilikuwa inakuja polepole. Nikakumbuka katekista kando ya lori, mama kwenye makreti, bibi mbele ya kamba. Alikuwa amewapanga wote, na mimi nikakimbia duara zima kama alivyotaka. Wajinga ndio waliwao, na mimi nililiwa na bibi yangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mji mzima wa Moshi.

"Kumbe ulinidanganya!" nilisema. Nililia kwa hasira.

"Ndiyo," alisema bibi. Hakuacha kukamua. "Shangazi yako ana watu nyumba nzima. Wewe ukienda, mimi asubuhi nani ataniamkia?"

Nilikuwa bado na hasira, lakini niligeuza kigoda nikala kile kiburu, kilichokuwa kimepoa na kugandamana. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba bibi anaweza kuogopa kitu. Nilimpenda na nilimchukia usiku ule kwa kiasi kinacholingana, na asubuhi nilikwenda mlangoni kwake kabla hajatoka.

Mwaka ule ulikwenda kama miaka mingine. Tulivuna kahawa kidogo, ng'ombe akazaa, mimi nikaongezeka kimo na gauni la mtumba likawa fupi. Desemba shangazi akapanda tena na pikapu lake, na tena akasema tunashuka kwenye bembea, atazame kama nimechangamka. Niliogopa. Niliijua mipango yao yote sasa, na bado sikuwa na hakika kwamba mdomo wangu utanitii nikimwona bibi ameweka kiganja sikioni.

Asubuhi ya safari nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje, mguu mmoja ameunyoosha.

"Mguu unaniuma," alisema. "Nendeni ninyi."

"Katekista je?" nilimuuliza.

"Katekista ana shughuli. Na yule mama hatoki leo."

Hakunivalisha sweta. Nilipanda bembea ile nikiwa na mikono wazi na uso wa kuchangamka, na niliwatazama watu wote waliozunguka kamba bila kumjua hata mmoja. Sikumsalimia mtu. Mtoto wa shangazi alinisemesha, nikajibu, "Poa." Vijana walikimbia, muziki ulipiga, na shangazi aliyekunja mikono aliikunjua akanipungia. Alisema tukirudi kwamba nimeshaiva, na kwamba nianze kukusanya nguo zangu.

Niliimba njia nzima ya kupanda mlima. Tulipofika bibi alikuwa anatoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mzigo ambao hata mimi nisingeuweza, anapandisha ule mteremko mkali kwa hatua zake za siku zote. Alipotuona akautua polepole, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu. Nilimkimbilia kumpa habari. Nilikuwa na furaha kubwa mno, na sikumuuliza ni mguu upi.