Kivuli Kisichokuwa na Mwenyewe

Sikuwa mulevi, na homa sikuwa nayo. Nasema mapema kwa sababu watu wa mutaa wetu wa Ndosho wanapenda kucheka kabla mutu hajamaliza kusema. Hii ilinipata mimi mwenyewe, mchana, wakati wa Zaïre, ndani ya nyumba yangu.

Nilikuwa nachora vibao vya maduka. Bibi yangu wa ndoa alikuwa amekufa mwaka ule, na tangu tumuzike nilikuwa naweza kukaa siku nyingi bila kufungua kinywa. Ndipo mwalimu mumoja muzungu wa hesabu akanipa kazi ya ajabu. Kila samedi, yaani Jumamosi, yeye na wenzake walikuwa wanacheza muchezo wa mezani, na kete na vijisanamu vidogo, wanajifanya askari waliopotea ndani ya gereza la chini ya ardhi. Mimi nichore ramani ya lile gereza, kama mutu anayelitazama kutoka juu: vyumba, njia, kuta za mawe, mienge. Mawe hayakunisumbua, tunakanyaga mawe meusi ya volkano kila siku. Kazi ni mwanga. Unaamua kwanza mwenge uko wapi, unachora kitu, halafu kivuli chake kinakwenda upande wa pili. Kivuli ni cha mwisho.

Siku ile niligeuza. Chumba kimoja kisichokuwa na mulango kilikuwa kitupu mno, kikanihuzunisha. Nikachora kivuli cha mutu, mutu mwenyewe nikamuacha. Nilijiambia nitamuchora rangi ikikauka.

Mvula kubwa ikaanguka, giza likaingia ndani, nikawasha taa ya petroli. Mutu akaingia kujikinga, bila kubisha. Nguo zake kavu. Hiyo niliiona, lakini unafikiri niliuliza? Nilifurahi! Nilimuvutia kiti. Tukaongea bei ya makala ya kupikia, njia ya kwenda Sake, mambo ya ovyo tu, nikaongea mpaka koo likaniuma. Halafu akainamia ramani, akauliza kile kivuli ni cha nani. Nikamuambia mwenyewe hajakuja.

"Nimekuja," akasema.

Nikatazama ukuta. Kivuli changu kilikuwapo, cha meza, cha kopo la brashi. Cha kiti chake pia, kiti kitupu. Yeye hakuwa nacho. Niliogopa, niamini, lakini sikukimbia. Nilichoogopa zaidi ni kwamba ataondoka.

"Citoyen, nichoree mulango," akasema, akiniita kama tulivyoitana wote wakati ule, sauti ya mutu aliyechoka. "Chumba kile hakina pa kutokea. Ukiuchora mupana, tutapita wawili. Bibi yako yuko upande ule."

Nikachovya brashi. Mukono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linanitisha mpaka leo. Nilikuwa nakwenda naye. Nilichora ubavu mumoja wa mulango, na wa pili nilitaka kuuweka mbali. Hapo Mama Furaha, jirani yangu, akagonga ukuta wa mbao.

"Papa, kwako kunavuja? Nikuletee beseni?"

Mutu akikuuliza hivyo, unafanya nini? Nikamujibu kunavuja, alete. Na katika kugeuza kichwa, brashi ikashuka karibu na ule ubavu wa kwanza. Mulango ukatoka mwembamba, wa mutu mumoja.

Akautazama. Hakukasirika.

"Basi," akasema, "nitamusalimia."

Akatoka mvulani. Mama Furaha aliingia na beseni palepale, hakupishana na mutu. Juu ya ramani, pale kivuli kilipokuwa, karatasi ilikuwa nyeupe, kama haijaguswa na rangi.

Tangu siku ile, kila mulango ninaochora unatoka mupana. Napima na rula, naweka alama, mukono unapita alama. Vibao vyenye milango nimeviacha kabisa, na wateja wananiona mujinga.

Wewe unayechora, anza na mutu, kivuli kifuate. Kama unaishi peke yako, jirani akigonga ukuta, jibu. Na mugeni wa namna ile akijitolea kukupelekea salamu, mutajie jina la mutu wako vizuri. Mimi sikumutajia. Mpaka leo sijui kama zilifika.