Siku Maumivu ya Baba Yalipoisha

Nilipokuwa darasa la tano, kazi yangu ya kila asubuhi kabla ya kwenda shule ilikuwa kukagua mkojo wa baba yangu. Nasema hivi mapema ili anayetaka kumbukumbu za kuchunga ndama na kucheza kati ya michai akazitafute kwingine. Baba alikojoa ndani ya kopo kupitia kichungi cha chai, na mimi nilikigeuza kile kichungi kwenye mwanga nikitafuta kijiwe. Sikuwahi kukiona.

Tulikaa upande wa Sosiot, huko Kericho, miaka ya tisini. Baba alikuwa karani kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Alisimama kwenye mizani kutwa, na hakunywa maji, kwa sababu anayekunywa maji hukojoa, na karani akienda kukojoa foleni humsema. Alikunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, basi. Baadaye daktari alimweleza kwamba mkojo ukiwa mzito huacha chembe, chembe zikashikana zikawa jiwe, na jiwe likashuka kutoka kwenye figo likakwama katika mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu.

Lakini Kogo, nyanya yangu aliyemzaa Baba, alikuwa na maelezo yake mwenyewe, na kijijini kwetu yalikuwa na mashahidi wengi kuliko ya daktari.

Wiki moja kabla ya maumivu, mjomba wa Baba, yaani ndugu yake Kogo, mzee Arap Ngeno, alileta majani kituoni. Kanuni ni majani mawili na chipukizi. Mzee alikuwa amechuma majani makubwa, magumu, ya kulisha ng'ombe. Baba alimwaga gunia lote chini mbele ya watu, akachambua, akakataa. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema mzee amesahau, hii ni chai, si sukuma wiki. Watu wakacheka. Arap Ngeno hakujibu. Aliokota gunia lake tupu, akaenda.

Kogo alipoambiwa kwamba ndugu yake hakusema neno, hapo ndipo alipoogopa. Kwetu unaweza kukosana na watu wote, lakini si na ndugu ya mama yako. Laana yake haihitaji kelele.

"Angetukana, ningelala," Kogo alisema. "Aliyenyamaza, hayo maneno ameyapeleka wapi?"

Maumivu yalimshika Baba Jumapili, tukitoka kanisani. Yalianza ubavu wa kushoto yakashuka mpaka kwenye kinena. Alijiviringisha kwenye nyasi na suti yake, akatapika. Jirani aliuliza kama karani anazaa, na kwa mara ya kwanza utani wake ulikosa wa kuucheka. Baada ya muda yakaisha. Jumanne yakarudi. Ndivyo lilivyo jiwe la kwenye mrija: mrija unabana kulisukuma, unachoka, unapumzika, unaanza tena. Kogo alisema hivyo ndivyo laana ilivyo pia, inakupumzisha kidogo ili uonje vizuri. Hata leo nikiwaza naona kwamba wote wawili, Kogo na daktari, walikuwa wakieleza kitu kilekile, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa na picha.

Picha ya eksirei ilipigwa hospitalini, Kericho mjini. Jiwe lilionekana, dogo kabisa. Baba alirudi na vidonge na masharti: anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, achuje kila anapokojoa, na arudi baada ya wiki nne apigwe picha nyingine. Kama jiwe halijashuka, atapasuliwa. Mama, ambaye alikuwa ameandamana naye, alituigizia daktari mezani, kidole juu.

"Maumivu yakiisha na jiwe hujaliona, usifurahi."

Tulicheka. Mama aliweza sana kuiga watu.

Wiki ya tatu Kogo akaenda kwa ndugu yake. Sijui alimwambia nini, ila Jumamosi mchana Arap Ngeno alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Baba, mtu wa hesabu na mzee wa kanisa, alikaa kwenye kigoda bila shati kama mtoto anayengoja kuogeshwa. Mzee alishika nyasi mbichi, akapiga funda la maziwa, akamtemea kifuani mara nne, akisema maneno ya baraka na sisi tukiitikia. Baba akaomba msamaha kwa ajili ya lile gunia. Mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kusema kweli majani yenyewe yalikuwa mabaya. Nyumba nzima ikacheka. Hatukuwa tumecheka hivyo tangu maumivu yaanze.

Nilitumwa kumsindikiza mpaka mtoni, nimbebee kibuyu. Njiani alisimama, akaniuliza kama nasoma vizuri. Nikamwambia nimekuwa wa pili.

"Basi wewe utaelewa," alisema. "Mimi sikumlaani baba yako. Niliona aibu, nikaenda nyumbani. Lakini dada yangu akija kulia kwangu kwamba mtoto wake anakufa kwa sababu yangu, nimwambieje? Nimembariki. Sasa mwambie aende kwa ile picha yake. Mate yangu hayaoni ndani ya mtu."

Nilimwitikia vizuri, kwa heshima zote.

Usiku huo Baba alilala mpaka asubuhi. Jumapili hakuumwa. Jumatatu hakuumwa. Kanisani mchungaji alisema ni maombi, Kogo akasema ni mate ya ndugu yake, na wote wawili hawakuonana uso kwa uso kuamua. Baba alirudi kwenye mizani, akipiga mluzi. Mama alikichemsha kile kichungi, akakirudisha kwenye chai. Niliinywa chai hiyo bila neno.

Na lile neno la mzee nikanyamaza nalo. Si kwamba nilisahau. Niliamini. Nilijiambia kwamba baraka ambayo mwenyewe anaitilia shaka itapasuka, na nikiitamka shaka hiyo ndani ya nyumba, maumivu yatarudi, na safari hii yatakuwa yametoka kwenye mdomo wangu. Siku ya picha ikafika. Ilikuwa siku ya kuchuma, foleni ndefu. Baba alipima majani mpaka jioni.

Sasa najua, kwa sababu nilisoma mpaka nikajua. Jiwe likiziba mrija kabisa, maumivu yanaweza kutulia. Figo linajaa mkojo, linavimba polepole, linachoka kusukuma. Mwenyewe anasikia nafuu. Hiyo nafuu ndiyo figo linavyokufa.

Baada ya miezi minne Baba alishikwa na homa ya kutetemeka. Alipewa dawa za malaria. Alipofikishwa hospitali kubwa alikuwa akiongea na watu ambao hawakuwepo. Daktari aliweka mkono chini ya mbavu za kushoto, akamuuliza Mama kuhusu picha ya pili. Usaha ulikuwa umejaa kwenye figo na sumu imeingia kwenye damu. Alikufa siku ya tatu, wakisubiri apate nguvu kidogo ya kupasuliwa.

Kogo alisema ndugu yake alibariki kwa midomo tu. Hakumsemesha tena mpaka anaingia kaburini. Siku ya mazishi ya Baba, Arap Ngeno alisimama nje ya ua na hakuna aliyemkaribisha. Mimi peke yangu nilijua kwamba ni yeye, kati ya watu wazima wote, aliyesema Baba aende hospitali. Lakini ningesema nini? Kwamba mzee hakuamini mate yake? Wangeniambia ndiyo hivyo, amekiri. Mzee akafa nikiwa chuo kikuu. Nilichelewa kufika mazishini, na nilichelewa kwa makusudi.

Mwaka juzi nilimwambia Mama. Tulikuwa jikoni tukichambua mboga za managu. Nilimweleza yote ya mtoni, neno kwa neno, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kusema kweli nilikuwa nikiitaka.

Aliendelea kuchambua.

"Mimi nilikuwa na karatasi ya tarehe kwenye mkoba," akasema. "Niliiona kila siku. Lakini alikuwa amelala, mwanangu. Wiki tatu hakuwa amelala. Wewe ungemwamsha?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejilaumu, na kumbe lawama ilikuwa tumaini langu la mwisho: kwamba palikuwa na neno moja ambalo lingemponya, na lilikuwa kwangu. Mama aliliondoa hilo kwa upole, bila kujua. Neno lilikuwepo kwa daktari, kwa mzee, kwangu, na mkobani mwake. Nani asiyejua? Ila tulikuwa tumempata mtu wetu akiwa amelala, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kumwamsha.