Ngumi Juu

Mtaa mzima ulishangilia baba wa nyumba hii alipofuzu kuingia kikosi maalumu cha boti za kivita. Aliyerudi likizo ni mtu anayesimama jikoni amekunja magoti, kana kwamba sakafu itamrusha kama wimbi. Chai anainywa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haubanduki ukingoni mwa meza. Huongea kwa ishara, maana boti ikinguruma hakuna anayesikia. Ngumi juu ni amri: zima injini, kimya.

“Bwana wee, mwanao hata hakuzoei,” mkewe alianza leo. Ngumi ya mume ikapanda. Mke alipofungua mdomo tena, binti yao mdogo ndiye aliyenyanyua ngumi.

Baba mtu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi.