Kuumwa kwa Kiingereza

Nilitapika kwenye sakafu ya marumaru, mbele ya lifti, wapangaji wa jengo wakinitazama. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia msimamizi wangu kwenye redio ya mkononi kwamba niko "under the weather".

Waingereza husema hivyo mtu anapojisikia vibaya kidogo: mafua, kichwa kizito, usingizi uliokatika. Anayesema hivyo haombi daktari. Anaomba tu asitarajiwe kuchangamka. Mimi nilikuwa na homa tangu juzi yake.

Asubuhi hiyo, kwenye nyumba ya wafanyakazi kule Umm Salal, katika nchi ya Kiarabu tulikofanya kazi, Mkenya niliyeishi naye chumba kimoja alinikuta nafunga vifungo vya sare huku nimeegemea ukuta.

"We buda, unaenda job ukiwa hivyo? Sema wewe ni mgonjwa."

"Nitamwambia msimamizi niko under the weather."

"Under the nini? Wacha kizungu ya TV! Sema unaumwa, walete gari."

Sikutaka gari. Nilikuwa mlinzi wa mapokezi katika jengo la Lusail, ndani, kwenye kiyoyozi, na nafasi hiyo niliipata kwa sababu ya Kiingereza changu. Waliougua walirudi kazini wakakuta wamepangwa getini, juani. Nyumbani Tanga mama alikuwa akiwaambia watu niko ofisini, nami sikuwahi kumsahihisha.

Basi nilitumia maneno mepesi. Msimamizi, Mnepali mpole aliyejifunza Kiingereza kazini kama sisi, alijibu, "Okay, brother, okay," akaendelea na zamu.

Jioni walikuja hospitali nilikopelekwa baada ya kutapika, yeye na meneja wa kampuni. Meneja alibaki amesimama, akamuuliza msimamizi:

"Alikuambia nini?"

"Under the weather, sir."

Meneja akanigeukia. "Ni kweli? Na unajua maana yake?"

Nikisema sijui, Kiingereza changu kimekwisha, na mapokezi nayo yamekwenda. Nikisema najua, basi nilificha ugonjwa, na kosa ni langu. Nilikuwa na sindano ya dripu mkononi, shati lingali linanuka, na bado nilichokionea aibu kuliko vyote ni kuonekana sijui Kiingereza.

"Najua, sir."

"Na wewe?" akamuuliza msimamizi.

Msimamizi alinitazama kwanza, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani. Kisha akasema, "Yes, sir. I know." Kwa kusema hivyo alikubali kwamba alijua naumwa, na bado aliniacha kazini.

Nilipopona nilirudishwa mapokezi. Mkenya alinicheka: "Bosi wa ofisi amerudi!" Msimamizi nilikuta ameshahamishiwa jengo moja la Al Mansoura. Niliuliza sababu mara moja tu, nikaambiwa ni mabadiliko ya kawaida. Nilikuwa na namba yake ya simu. Kama siku ile alielewa nilichomwambia, sijui; sikumpigia kumuuliza.