Picha Niliyomwonyesha Baba

Nilipopangiwa kufundisha baiolojia Machochwe, nilidhani mada ya mageuzi ya viumbe ingenichukua wiki mbili. Darasani ilinichukua wiki mbili kweli. Nyumbani kwetu Tarime haijaisha mpaka leo.

Shule yetu iko karibu na mpaka wa hifadhi ya wanyama. Mahindi yakianza kukomaa, nusu ya darasa huchelewa kwa sababu wanalinda mashamba. Nyani hushuka kundi zima, wanavunja mahindi, wanauma mara moja na kutupa, kisha wanavunja mengine. Kwa hiyo siku nilipoandika mada ile ubaoni, msichana mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono, akaacha Kiingereza cha somo na kuuliza kwa Kiswahili:

"Madamu, kwa hiyo yule mwizi wa jana shambani kwetu ni ndugu yangu?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Nikawaeleza kwamba hakuna anayesema mtu alizaliwa na nyani. Kinachosemwa ni kwamba zamani mno palikuwa na viumbe ambao uzao wao uligawanyika, wengine wakaelekea huku na wengine kule, kama wao na binamu zao: hawakuzaana, ila wana babu mmoja. Waliandika. Wengine waliandika wamekunja uso.

"Kwenye mtihani nitajibu hivyo," yule msichana alisema, "ila siamini."

"Si lazima uamini. Ni lazima uelewe," nilimjibu, nikajiona nina hekima nyingi.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Nimeimba kwaya tangu nikiwa mdogo kiasi cha kusimamishwa juu ya kreti ya soda ili nionekane. Chuoni nilifundishwa baiolojia na mtawa aliyekuwa akienda misa kila asubuhi, na saa nne akaja kutufundisha mageuzi bila kubadilisha sauti. Nilipomuuliza anawezaje, alinitazama kama niliyemuuliza anawezaje kunywa chai na kula mkate. "Mungu hakunipa kazi ya kumpangia muda," alisema. "Kama alitumia siku sita au miaka isiyohesabika, kazi ni yake." Jibu hilo lilinitosha, na kwa kuwa lilinitosha mimi, nilifikiri lingemtosha kila mtu.

Baba yangu ni mkulima wa kahawa na ndizi kwenye vilima vya Tarime, upande wa kuelekea Sirari. Wakati huo alikuwa mzee wa kanisa kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyesimama mbele siku ya Meza ya Bwana na kupitisha kikombe. Ndiye aliyeitwa mtu na mkewe wakishindwana. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini aliuza ng'ombe wawili ili nimalize chuo, na nilipopata kazi aliacha kuniita jina langu, akawa ananiita Mwalimu, hata akiniagiza kuni.

Desemba ya mwaka wangu wa tatu kazini nilikwenda likizo. Jumapili baada ya ibada, mchungaji na wazee wenzake Baba walikuja kula kwetu. Shangazi yangu, dada yake Baba aliyeolewa Isebania, ng'ambo ya mpaka wa nchi, alikuwepo pia. Mama alikuwa amepika ugali wa mtama na nyama, na maongezi yalikuwa mazuri mpaka mchungaji aliponigeukia.

"Mwalimu, wanafunzi wako wana ndugu zao huku kwetu. Wanasema unawafundisha kwamba mtu ametokana na nyani. Ni kweli?"

Nilimjibu kwa heshima mwanzoni. Nikaeleza habari ya babu mmoja na matawi. Mchungaji akatikisa kichwa. Akasema mtu akishaambiwa kwamba ni mnyama, ataishi kama mnyama, na kwamba ukiiondoa sura ya kwanza ya Biblia, zote zinazofuata zinaporomoka. Nikasema Biblia haikuandikwa iwe kitabu cha baiolojia. Sauti yangu ilianza kupanda. Wazee wawili waliguna. Ndipo Baba akasema taratibu:

"Hata mimi hilo silikubali, Mwalimu."

Labda kama angekuwa mwingine ningenyamaza. Lakini niliona kama ameniacha peke yangu mbele ya watu, mtu niliyemtegemea awe upande wangu. Nikasema:

"Baba, wewe uliishia darasa la nne. Mambo haya huwezi kuyaelewa."

Mama aliinamisha kichwa. Baba alimaliza tonge lililokuwa mkononi, akamwambia Mama awaletee wageni maji ya kunawa. Kisha akamuuliza mchungaji habari za paa la kanisa la jirani lililoezuliwa na upepo, na wote wakalizungumzia hilo paa kwa bidii kama watu waliookolewa.

Kesho yake nilimkuta Baba akichagua kahawa kwenye chekecheke nyuma ya nyumba. Nilijua natakiwa kuomba radhi. Badala yake nilikwenda na kitabu. Nilijiambia kwamba tatizo ni kutoelewa, kwa hiyo dawa ni kumwelewesha. Ni ugonjwa wa walimu huo. Nilikaa karibu naye, nikakifungua kwenye ukurasa wenye ile picha ninayoitumia kila mwaka: viumbe wamepangwa mstari mmoja, wa kwanza ameinama mikono ikikaribia ardhi, na kila anayefuata amenyooka zaidi, mpaka wa mwisho aliyesimama wima na mkuki begani.

Baba alifuta vidole kwenye suruali ndipo akakishika kitabu. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Huyu wa mwisho ni Mzungu," alisema.

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Wa kwanza alikuwa mweusi tii, na ngozi ilikuwa ikitakata kila hatua, hadi kufika kwa yule wa mkuki, mwenye nywele laini za kahawia. Nilikuwa nimeifundishia picha ile miaka mitatu na sikuwa nimeliona hilo.

Baba aliweka kidole juu ya wa tatu, nyuma kidogo ya katikati ya mstari. "Na huyu ndiye mimi?"

"Hapana, Baba. Ni mchoro tu. Waliochora walikosea."

Alinirudishia kitabu, akaendelea kuchagua kahawa, na huku anachagua akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kabla hajaoa alifanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, kufagia mahema na kupeleka chai. Msimamizi wa kambi alikuwa mgeni kutoka nje. Wageni wapya wakifika, alikuwa akipiga mluzi, vijana wote wakaja kupanga mstari mbele ya hema la kulia, naye akasema maneno kwa Kiingereza, na wageni wakacheka. Baba naye alikuwa akitabasamu, kwa kuwa alidhani wanakaribishana. Ilipita miezi ndipo mpishi, aliyekijua Kiingereza, akamwambia maneno yale: "Hawa ndio nyani wangu. Tazameni, nimewafundisha hata kuchemsha chai."

"Miezi yote ile nilikuwa natabasamu," Baba alisema.

Aliacha kazi wiki hiyohiyo, akarudi Tarime. Wakati huo hakuwa Mkristo. Mwinjilisti mmoja alikuwa akihubiri sokoni, na Baba alisimama kusikiliza kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na pale palikuwa na kibanda. Mwinjilisti akasoma kwamba Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake mwenyewe.

"Nilimwomba arudie," Baba alisema. "Akarudia. Nikamuuliza, mtu yupi? Akasema, kila mtu. Ndiyo siku niliyoamini. Mambo mengine yote ya dini nilikuja kuyajua baadaye."

Nawaza sana juu ya kile nilichopaswa kusema pale. Ningeweza kunyamaza tu, nikamsaidia kuchagua kahawa. Ningeweza kumwambia kwamba hata mimi naamini maneno hayohayo, na kwamba kile ninachofundisha, kikieleweka vizuri, kinasema watu wote ni wa ukoo mmoja, yule msimamizi naye akiwemo, bila mmoja kuwa mbele ya mwingine kwenye mstari. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini nilikuwa bado na hasira za jana, nikasema:

"Hiyo ni dharau ya mtu mmoja, Baba. Haihusiani na sayansi."

Aliitikia kwa kichwa. "Sawa, Mwalimu."

Nilirudi Machochwe kabla likizo haijaisha, nikisingizia kusahihisha madaftari.

Pasaka iliyofuata nilipokwenda nyumbani, nilimkuta Baba kanisani amekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwingine alisimama mbele na kikombe. Nilimuuliza, akasema miguu inamuuma, amewaachia vijana. Niliamini. Kusema kweli, niliamini kwa urahisi mno. Mwaka mzima ulipita, na wa pili ukaanza, nami nikawa namwona pale nyuma na kufikiri kwamba uzee umemfikia, au imani yake imepoa kidogo. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilifikiri huenda nilimfungua macho.

Aliyeniambia ukweli ni Shangazi. Nilikuwa nimevuka Isebania kununua vitambaa, nikapita kumsalimu. Katika maongezi nikasema Baba amezeeka haraka, tangu aache uzee wa kanisa amekuwa mkimya.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Aache? Ati nani ameacha? Kwani hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini, Shangazi?"

"Walimtoa, wewe. Kwa sababu yako."

Alinieleza yote. Baada ya chakula kile, baraza la kanisa lilimwita Baba. Walimwambia anilete nisimame mbele ya ushirika, nikane ninachofundisha, la sivyo yeye mwenyewe akiri hadharani kwamba binti yake anawapotosha watoto kwa uongo. Mzee asiyeweza kuongoza nyumba yake, walisema, hawezi kuongoza nyumba ya Mungu. Shangazi alikuwa amekuja kwenye mkutano wa akina mama siku hiyo, alikuwa ameketi nje chini ya dirisha, na alisikia Baba alivyojibu.

"Alisema, hata mimi sikubaliani naye, na nimemwambia usoni. Lakini nimemlea, namjua, hasemi uongo. Akisema amesoma na ameona, basi ameona. Siwezi kumwita mwongo mbele ya watu ili niendelee kushika kikombe." Shangazi alinitazama. "Kisha akatoka. Hata kofia aliisahau, nikamletea mimi."

Sikununua vitambaa. Nilivuka mpaka nikaenda moja kwa moja nyumbani. Baba alikuwa migombani, akikata majani makavu. Nilimwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nikaanza kulia. Nikamwambia Shangazi amenieleza, nikamwambia naomba radhi, nitakwenda kwa mchungaji kesho, nitasimama mbele ya ushirika.

"Utasimama useme nini?" aliuliza.

"Wanachotaka."

"Unakiamini?"

"Hapana."

"Basi utakuwa umenifanya mimi mwongo. Nimeshawaambia wewe husemi uongo." Akarudi kwenye mgomba wake. "Yamepita, mwanangu. Nenda kamsalimu mama yako."

Aliniita mwanangu. Ni neno zuri, na sina haki ya kulilalamikia, lakini tangu wakati huo hajaniita Mwalimu tena.

Mchungaji yule alihamishwa, akaja mwingine, kijana, aliyesikia habari hiyo akaenda kumwomba Baba arudi mbele. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe haoni ugomvi kati ya Mwumbaji na miaka mingi. Mama anasema Baba alimsikiliza vizuri, akamkaribisha uji, na akakataa. Alimwambia mchungaji kwamba jambo la miaka mingi yeye bado halikubali, na asingependa watu wafikiri amerudishwa kwa sababu amebadilika.

Siku hizi nikifika kwenye mada ile sitangulii na kitabu. Naanza kwa kuwauliza wanafunzi ni nani amewahi kuitwa mnyama, na aliitwa hivyo na nani. Inachukua kipindi kizima. Wanayoyasema mengine siwezi kuyaandika hapa. Baada ya hapo ndipo nawaonyesha picha ile na kuwauliza wameona kosa gani, na huwa wanaliona haraka kuliko mimi nilivyoliona. Wengi bado hawaamini nikimaliza, na wengine wanaamini, na wote Jumapili nawakuta kanisani. Msichana mmoja mwaka jana alisema kwamba babu yake angependa kusikia kipindi hiki. Nilimwambia amweleze polepole, na asimalize kabla ya kumsikiliza babu.

Kwa Baba nilichelewa. Niliomba radhi kwa habari ya baraza, jambo ambalo sikulijua na sikulikusudia. Lile la darasa la nne, nililolisema nikijua na nikikusudia, sijaliombea radhi. Kila likizo naenda nikiwa nimelipanga mdomoni, na kila likizo tunakaa, tunaongea mvua, bei ya mbolea, mguu wa Mama. Mwezi uliopita tulikwenda ibadani pamoja. Nikaiacha kwaya, nikaketi naye nyuma, karibu na mlango, na wimbo ulipoanza akanisogezea kitabu cha nyimbo ili tusome wote, ingawa anajua kwamba nyimbo zote nazijua kwa moyo.