Piano Iliyouzwa Kabla ya Kumaliza Matanga

Hii ilinipata mimi mwenyewe, hapahapa Katoyi, Goma, na anayetaka kucheka acheke kwanza, amalize, ndipo anisikilize. Sinywi pombe. Sikuwa na malaria. Mimi ni karani kwenye depo ya simenti, kazi yangu ni kuhesabu mifuko mchana kutwa, na mtu wa mifuko haoni vitu ambavyo havipo.

Nianze na nyumba. Ni ya mbao, juu ya mawe ya volkano, kama nyingi za kwetu. Niliishi humo na mama yangu tangu tulipotoka Bukavu, na mama alipokufa nikabaki peke yangu. Sina mume, sina mtoto, na usiniulize kwa nini, waliouliza wametosha. Nikirudi kazini nikafungua mlango, hakuna anayesema karibu. Naweka sufuria ndogo, nakula, naosha sahani moja, nalala. Ndivyo ilivyokuwa kila siku, isipokuwa Jumapili.

Jumapili napiga klavye, kile kinanda cha umeme, parokiani. Hapo watu wananingoja. Korali nzima haifungui mdomo mpaka mimi nitoe sauti ya kwanza, na baada ya misa wamama wananishika mkono, wananiita Mama Klavye. Sasa mwaka mmoja Papa Anselme, mkubwa wa korali, akaniita kando. Akasema kuna kijana amekuja kutoka Rutshuru, amesoma muziki, mikono yake yote miwili inatembea vizuri. Kabla ya Pasaka atatusikiliza wote wawili, na atakayepiga vizuri zaidi ndiye atakayekaa pale. Hakusema kwa ubaya. Kile kiti kikienda, nani tena angejua kama niko hai?

Klavye ya parokia inafungiwa baada ya misa, huwezi kuifanyia mazoezi. Nikaamua kutafuta piano yangu ya umeme, ya bei ambayo karani anaiweza. Papa Anselme, maskini, hakuninyima shauri. Usidanganyike na taa na midundo ya ngoma, alisema. Tafuta yenye vitufe themanini na vinane, na viwe vizito, kidole kifanye kazi. Vile vyepesi vinaharibu mkono. Iwe na tundu la kaske ya kusikilizia masikioni, maana nyumba ya mbao haina siri. Pedali isikimbie kila ukiikanyaga. Na ikubali betri ya sola, kwa sababu kurant, huu umeme wa Goma, tunaijua.

Nikazunguka maduka ya Birere yote. Zile nzito na mpya, waliponitajia bei nilicheka tu, nikaaga. Zile za mfuko wangu zilikuwa vitu vya kuchezea watoto. Nilikuwa nimeshakata tamaa mtu aliponielekeza kwenye depo moja ya mtaa wa Mapendo inayouza vitu vya okazio, yaani vilivyokwisha kutumiwa na wengine.

Nilifika mchana, mvua inamwagika kwelikweli, kurant hakuna. Mwenye depo, bwana mwenye maneno mengi, akanionyesha piano tatu nyuma ya makabati. Akasema hawezi kumuuzia mtu kitu ambacho hajakisikia, ningoje akatafute mafuta ya jenereta. Akatoka na kidumu chake, nikabaki na kelele za mvua kwenye mabati.

Nilidhani niko peke yangu. Kumbe kwenye kona alikuwepo mama mmoja mzee, amejifunga kitenge cheusi, anaangalia ile piano ya mwisho. Nikamsalimu, akaitika vizuri. Nikafikiri ni mteja aliyekimbia mvua. Ningefikiri nini kingine?

"Usingoje kurant," akaniambia. "Sauti inadanganyaka. Sikiliza na vidole."

Akanielekeza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kuchagua maharage sokoni. Bonyeza polepole mpaka chini, upande wa kushoto uwe mzito kuliko wa kulia. Gonga kitufe kimoja harakaharaka, uone kama kinarudi au kinalala. Inama, angalia kwa jicho moja kama vyote viko sawa. Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Ya pili vitufe vya katikati vilikuwa vimechoka. Ya tatu, ile aliyokuwa akiiangalia, ilinikubali mikononi. Nikapiga mstari mmoja wa wimbo wa komunyo, nikafurahi, sauti yake ilikuwa ya kutuliza moyo. Mama akasema, "Ni hii."

Mwenye depo akarudi amelowa. Nikamwambia aache jenereta yake, hii nimeshaisikia. Akanitazama, kisha akatazama chini. Nikatazama anakotazama yeye. Waya wa piano ulikuwa sakafuni, umekunjwa na kufungwa kamba. Nikageuka nimuulize yule mama, na pale ilipokuwa kona yake palikuwa na makabati yaliyopangwa mpaka ukutani, hata paka asingepata pa kukaa. Bwana yule akaapa hakuna mtu aliyeingia.

Wewe ungekimbia, najua. Mimi pia nilitaka kukimbia. Lakini Pasaka ilikuwa inakuja, na bwana yule akapunguza bei kabla sijamwomba. Nikamuuliza imetoka wapi, akasema kwa familia moja ya Mapendo, mama yao amefariki. Hapo ndipo nilipokosea. Kila mtu wa kwetu anajua swali linalofuata: je, matanga yamekwisha? Kwetu vitu vya marehemu haviondoki nyumbani mpaka siku ya kumaliza matanga. Familia inakaa, vinatolewa kimoja kimoja mbele ya wote, kila kimoja kinapata mwenyewe. Mpaka siku hiyo nyumba haipigi muziki. Haya nayajua tangu utoto, na bado nilifunga mdomo wangu. Piano ikapanda chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, mwenye chukudu anasukuma, mimi nyuma nashikilia na kusali.

Jioni ileile nikavaa kaske, nikaanza mazoezi. Nilipokosea, mtu akasema nyuma yangu, "Rudilia." Niamini, masikio yangu yalikuwa yamezibwa na kaske, na sauti ile haikutoka kwenye kaske. Nikageuka. Mama wa kitenge cheusi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mama yangu, mikono magotini.

Nikaanza Salamu Maria, nikaikosea katikati. Hakusogea. Akasema tena nirudilie, bila hasira yoyote. Basi nikarudilia. Ningemwita jirani nimwambie nini?

Alikuja kila jioni. Woga ukapungua, halafu ukaisha. Nikaanza kuharakisha kutoka kazini, mimi ambaye nilikuwa wa mwisho kufunga depo. Nikapika chai vikombe viwili, ingawa chake kilipoa bila kuguswa. Nikamweleza habari za bosi, za bei ya makala ya kupikia, za magoti yangu yanayouma. Mkono wangu wa kushoto, ambao siku zote ulikuwa mzigo tu, ukafunguka. Nikuambie ukweli? Nilikuwa na furaha. Tangu mama afe sikuwa nimefurahi namna ile, na sioni haya kusema.

Ila yeye alikuwa anachoka. Kila alipokuja, miguu yake ilikuwa na vumbi jeusi la volkano mpaka magotini, kama mtu aliyetembea tangu alfajiri. Jioni moja nikamuuliza anatoka wapi.

"Niko njiani," akasema. "Watoto yangu hawajamaliza matanga. Piano haiko, wanagombana. Sina pa kukaa, mutoto yangu. Nimechoka."

Nilijua la kufanya, na sikulifanya. Nikiirudisha, kijana wa Rutshuru atachukua kiti changu, na kitanda kile kitabaki kitupu. Nikajiambia kesho. Kesho ilipofika nikajiambia tena kesho. Mpaka jioni moja akaja akashindwa kukaa wima, akajilaza pale kitandani, na mimi nikamwona mama yangu siku zake za mwisho, alivyoomba nimwache apumzike, na mimi namshika mkono namwambia kaa kidogo tu, mama, kaa kidogo. Nililia sana usiku huo. Asubuhi nikaita chukudu.

Mwenye depo akanielekeza kwenye nyumba yenyewe. Aliyefungua ni binti mkubwa wa marehemu, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Alipoiona piano alikaa chini palepale mlangoni. Akanieleza kwamba mdogo wake aliiuza kwa siri baada tu ya mazishi, ndugu wakagombana, na siku ya kumaliza matanga ikawa inasogezwa mbele kila mara. Picha ya mama yao ilikuwa ukutani. Unajua tayari nilimwona nani.

Ndugu wakapatana, wakakaa kumaliza matanga, wakaniomba na mimi niwepo. Vitu vikatolewa, kitenge kwa huyu, sufuria kwa yule. Ilipofika piano, hakuna hata mmoja wao aliyejua kuipiga. Binti mkubwa akasimama.

"Mama alikuwa anafundishaka watu piano," akasema. "Huyu mama ameirudisha mwenyewe, hakuna mutu aliyemulazimisha. Ibakie kwake."

Wote wakaitika. Wakaniomba nifungue muziki wa nyumba, wa kwanza tangu msiba. Nikapiga ule wimbo wa komunyo. Katikati nikakosea, nikasimamisha mikono, nikangoja. Hakuna aliyesema neno. Nikajua amefika anakokwenda, nikaendelea kupiga huku machozi yananitoka, na wao wakafikiri namlilia mama yao kwa adabu.

Kiti cha parokia ninacho bado. Papa Anselme alipotusikiliza alisema hajui nilijifunzia wapi, na kijana wa Rutshuru akapewa misa ya jioni, tunasalimiana vizuri. Wamama bado wananishika mkono Jumapili. Halafu narudi Katoyi, nafungua mlango, na nyumba imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla yake.

Kwa hiyo wewe unayetafuta piano ya okazio, bonyeza vitufe polepole, jaribu pedali, uliza betri, sawa. Lakini kabla hujalipa, uliza nani alikuwa akiipiga, na kama matanga yake yamekwisha. Na kama unaishi peke yako kama mimi, jioni moja akaja mtu wa kukusikiliza, usifurahi haraka. Angalia miguu yake kwanza. Ikiwa na vumbi, mwache aende, hata kama moyo unakataa, kwa sababu yeye anachoka na wewe utazoea.

Bado napika chai vikombe viwili. Na jioni nyingine, nikiwa na kaske masikioni, nakosea makusudi, halafu nangoja.