Siku Niliyofunga Dirisha la Baba

Mpira mimi wala siupendi, nasema mapema tusije tukagombana. Ila baba yangu, tangu kiharusi kimlegeze mguu, hashuki tena kutoka ghorofa ya nne, hapa kwetu Mchafukoge. Miaka yote mechi alizitazama kwenye kibanda umiza cha mtaa wa nyuma, benchi moja na mtani wake, fundi cherehani, shabiki wa timu pinzani. Wale wawili sijawahi kuwasikia wakisifiana.

Nikasema basi, nimwekee mpira wa mtandaoni. Kariakoo nzima wananiambia ndiko tunakoelekea, vibanda vitakufa vyote. Nikajiunga, nikanunua bando, nikaunganisha simu na televisheni. Kila mechi nikishamwekea naenda zangu kulala, maana kutwa nzima nimesimama nauza vitenge, miguu inawaka.

Tatizo picha ya mtandao inachelewa. Mtaa unapiga kelele "gooo!", kwetu mpira bado uko katikati ya uwanja. Siku moja baba akanung'unika, "Wananimalizia utamu." Basi, siku ya mechi ya watani nikafunga madirisha yote, nikashusha na mapazia, nikakaa naye. Joto lile, jamani! Jasho linatuvuja, na kale kaduara ka kusubiri mtandao kanazunguka tu kwenye kioo. Timu yake ikafungwa mbili. Kila mara baba anageuka kutazama dirisha, mimi nadhani anataka upepo.

Filimbi ya mwisho hata haijalia, mlango ukagongwa. Ni fundi, anahema, kashika ukuta, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akanipita mpaka kwa baba.

"We mzee! Kila goli nimetoka kibandani kukuita pale chini, nimekuzomea mpaka sauti imekauka. Mechi zote unanijibu dirishani, leo kimya! Nikajua ndiyo basi tena."

Akaketi chini, akajifuta macho kwa ncha ya shati.

Nilijisikia vibaya mno. "Sasa baba, si ungeniambia nisifunge?"

"Ulikuwa umechoka, mwanangu. Nikaona nisikusumbue."

Nikaenda kufungua madirisha, moja moja.

"Haya," baba akamwambia mwenzake, "nizomee sasa. Nakusikia."

Fundi akavuta pumzi, akaanza na goli la kwanza.